Kupoza kompyuta kwa maji ndani ya kesi ndogo, chumba kikiwa na nyuzi 32

Swali: Habari mtaalamu. Niko Tabata, Dar es Salaam, chumba changu hakina kiyoyozi. Nina kesi ya Cooler Master NR200P, prosesa ya Ryzen 7 7800X3D na kadi ya picha ya RTX 4070 Super. Nataka prosesa na kadi zote mbili zipozwe kwa maji, niunge mwenyewe mipira, pampu na rejeta moja ya milimita 240. Fundi mmoja ameniambia niweke kulanti ya gari, mwingine anasema maji ya betri yanatosha. Nani yuko sahihi, na nianzie wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu. Mafundi wako wote wawili wamejibu habari ya maji, ilhali tatizo lako ni rejeta. Kulanti na maji ya betri nitavifikia, ila tuanze na joto.

Maji hayatengenezi ubaridi. Yanabeba joto kutoka kwenye prosesa na kulishusha kwenye rejeta, basi. Ni kama mwendokasi: hata ukiongeza mabasi, kama kituo cha kushushia ni chembamba, watu watarundikana palepale. Na anayelipokea joto hilo ni hewa ya chumbani mwako, kwa hiyo maji hayatakuwa ya baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta hata siku moja. Vipimo vingi unavyoviona mtandaoni vimefanyiwa kwenye chumba cha nyuzi 21 hivi. Wewe Februari, saa nane mchana, unaanza na 32. Hizo 11 za ziada zinahamia moja kwa moja kwenye maji, na hakuna pampu ya bei yoyote inayoweza kuzifuta.

Hesabu iko hivi. Kwenye gemu 7800X3D hula takriban wati 60 hadi 80. RTX 4070 Super imepangiwa 220. Tuseme jumla ni 300. Rejeta nyembamba ya 240, feni zikizunguka kwa kasi isiyokera masikio, kwa makadirio huondoa wati 20 kwa kila nyuzi moja ambayo maji yameizidi hewa. Gawa 300 kwa 20: nyuzi 15. Hewa 32, maji 47. Na hapo nimedhani rejeta inavuta hewa ya nje ya kesi. Ikivuta hewa iliyokwisha pata moto mle ndani, ongeza tano au zaidi. Pampu nyingi za kompyuta zina kikomo cha maji ya nyuzi 60, na mabomba magumu ya plastiki ya PETG huanza kulegea kwenye maungio ukikaribia hapo. Mfumo wako utawaka na utacheza gemu, lakini utakuwa umekula akiba yote siku ya kwanza, kabla vumbi halijaziba chochote.

Sasa itoe kadi ya picha kwenye mzunguko huo. Wati 75 kwa 20 ni chini ya nyuzi 4. Maji 36, prosesa inakaa sitini na kitu hadi sabini kwenye gemu, na feni hazipigi kelele. Kadi nayo ina feni zake na chuma chake cha kupozea kilichotengenezwa kubeba hizo wati 220. Ipe hewa safi kutoka chini itakaa vizuri.

Ushauri wangu basi: prosesa ipozwe kwa maji kwa mfumo uliofungwa kiwandani, ule ambao madukani wanauita AIO, na kadi ibaki na feni zake. Kuunga mwenyewe kwa rejeta moja ya 240 kwenye joto la Dar ni kutwanga maji kwenye kinu: unalipa bei ya pampu, bloku mbili (vile vipande vya shaba vinavyokaa juu ya prosesa na kadi, maji yakipita ndani), tenki na fitingi za kuungia mipira, halafu unapata kelele ileile. Kuna na jambo la vipuri. Fitingi moja ikipasuka au o-ringi moja ikipotea, si kitu utakachokipata kirahisi Kariakoo. Utaagiza nje, na kompyuta italala mezani mpaka mzigo ufike.

NR200P ina ujazo wa lita 18 na inapokea rejeta ya 240 au 280 ubavuni, kwenye fremu inayokuja nayo. Chukua 280 kama bajeti inaruhusu, eneo lake ni kubwa kwa theluthi moja na zaidi. Unene ndio wa kuangalia: rejeta ya milimita 27 na feni za 25 zinafanya 52, na hapo mipira bado ina pa kupita. Rejeta za Arctic Liquid Freezer III zina 38. Zinapoza vizuri sana, lakini ukijumlisha na feni unapata 63, na kwenye kesi ya aina hii utapima mara tatu kabla ya kununua. Kesi hii huja na ubavu wa kioo na ubavu wa chuma wenye matundu. Ukiweka rejeta ubavuni, kioo kirudishe kwenye boksi. Rejeta iliyobanwa na kioo haipumui. Kwa pawa saplai, chagua ya umbo dogo, SFX, yenye kina cha milimita 100, siyo SFX-L ya 130, kwa sababu hizo sentimita tatu ndizo nafasi yako ya kukunjia waya. NVIDIA wanapendekeza wati 650 kwa kadi yako. 750 inakupa nafasi ya kubadilisha kadi baadaye.

Upepo sasa, na hapa ndipo wengi wanapochemka. Rejeta ivute hewa ya nje kuingiza ndani, au itoe? Tuseme feni mbili zinapitisha mita za ujazo 80 kwa saa. Joto la prosesa, wati 75, litaipandisha hewa hiyo karibu nyuzi 3. Joto la kadi, wati 220, litaipandisha nyuzi 8 au 9. Ukigeuza rejeta itoe, prosesa inapozwa na hewa ya jasho la kadi. Ukiifanya ivute, kadi inapata hewa iliyoongezeka nyuzi 3 tu, tena si yote, maana yenyewe inavuta zaidi kutoka chini. Mwenye joto dogo atangulie kuvuta. Kwa hiyo ubavuni zivute, feni mbili za chini zivute, mbili za juu zitoe. Kadi ikiwa nene kiasi kwamba feni za kawaida hazikai chini yake, tumia nyembamba za milimita 15. Na usiiweke kesi juu ya zulia au ndani ya kabati la TV; miguu yake ni mifupi, hewa yote ya kadi inapita hapo chini.

Kufunga: fanya kila unachoweza ubao mama ukiwa nje ya kesi. Prosesa, ramu, diski ya M.2, vishikio vya bloku. Ule waya wa umeme wa prosesa wenye pini nane, unaochomekwa kwenye kona ya juu ya ubao, uchomeke mapema, maana rejeta ikishakaa hakuna mkono utakaofika huko. Waya mnene wa pini 16 wa kadi ya picha uingie mpaka usikie umekaa, usibaki hata ufa, na usiukunje ndani ya milimita 35 za mwanzo kutoka kwenye soketi. Kesi ndogo inakushawishi uukunje palepale ili ubavu ufunge. Ukishindwa, tafuta waya uliotengenezwa na kona. Soketi iliyokaa nusu ndiyo inayoyeyuka.

Skrubu za rejeta zinastahili aya yao. Zinazokuja kwenye boksi zina urefu wa kupenya feni ya milimita 25 na kuishia kwenye uzi wa rejeta. Ukibadilisha ukaweka feni nyembamba ya 15 kwa skrubu zilezile, ncha inapita uzi na kutoboa mfereji wa maji. Hakuna gundi itakayokuokoa hapo. Jaribu kila skrubu kwanza bila feni uone inaingia kiasi gani, na ukihisi inagoma kabla ya wakati wake, simama.

Pampu isiwe mahali pa juu kuliko vyote. Ndani ya mfumo uliofungwa kuna hewa kidogo tangu kiwandani, na huongezeka polepole kwa sababu maji hupenya kwenye kuta za mipira miaka ikienda; joto huharakisha hilo. Hewa hupanda. Kama sehemu ya rejeta iko juu ya pampu, hewa inakaa huko bila madhara. Kama rejeta iko chini ya kesi na pampu juu, hewa inakaa ndani ya pampu, unasikia mlio wa maji yanayogugumia, na fani zake zinakwisha mapema. Rejeta ya ubavuni inakuepusha na hayo, ilimradi ukague kwa macho kwamba ukingo wake wa juu umeizidi pampu.

Kwenye bloku kuna karatasi ya plastiki inayokinga shaba. Itoe. Inasikika kama mzaha, lakini ukiisahau prosesa inagonga kikomo dakika hiyohiyo. Pesti ya joto weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati na vidogo vinne pembeni. Mfuniko wa prosesa za AM5, yaani soketi ya AMD ambayo 7800X3D inakaa, una mapengo ukingoni na pesti ya kawaida ikiingia humo haina neno, haipitishi umeme. Ile pesti ya metali ya majimaji usiiguse. Kaza skrubu za bloku kwa kupishana pembe, mizunguko michache kila moja, zishuke pamoja. Waya wa pampu uchomeke kwenye pini zilizoandikwa AIO_PUMP au PUMP, ukaziweke asilimia 100 wakati wote. Feni za rejeta ziende CPU_FAN. Ukizibadilisha, pampu itapunguzwa kasi kila kompyuta ikipumzika.

Kabla ya yote, sasisha BIOS, ile programu ya msingi ya ubao mama. Mwaka 2023 baadhi ya 7800X3D ziliungua kwa sababu mbao mama zilikuwa zinapandisha volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayoendesha ramu, kupita kiasi. BIOS zilizotoka baada ya hapo ziliifunga isizidi 1.3. Ubao uliokaa dukani muda mrefu unaweza bado kuwa na BIOS ya zamani. Na ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Hiyo ni AM5 inajifunza ramu, wala maji hayajavuja. Usizime.

Ikishawaka, ingia BIOS uweke Curve Optimizer, mpangilio unaopunguza volti ya prosesa, hasi 15 kwa viini vyote kisha ijaribu. Kama inazima zima, rudi hasi 10. Kadi ya picha ipunguzie umeme mpaka asilimia 80 kwa programu ya MSI Afterburner. Unatoka wati 220 hadi 176, fremu zinapungua kidogo kiasi kwamba machoni hutazijua, lakini hizo wati 44 ni joto ambalo halitaingia chumbani mwako kabisa. Kompyuta inayokula wati 340 ndani ya chumba kilichofungwa ni jiko dogo. Ukicheza saa tatu bila dirisha kufunguliwa, chumba chenyewe kinapanda na maji yanakifuata.

Jaribu kwa gemu nzito nusu saa. Dakika tano hazitoshi: maji na chuma vinameza joto mwanzoni, namba zinapendeza, kisha zinapanda mpaka zitulie. Namna zinavyopanda ndiyo inayokuambia ubovu uko wapi. Prosesa ikiruka hadi 89, ambacho ndicho kikomo cha 7800X3D, ndani ya sekunde chache, maji hayahusiki; ni mgusano mbaya wa bloku, plastiki iliyosahaulika au pampu isiyozunguka. Shika mipira yote miwili: mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi kabisa, maji hayatembei. Lakini joto likipanda taratibu kwa dakika 20 bila kutulia, tatizo ni hewa: rejeta imezibwa, feni zimegeuzwa, au kesi inameza hewa yake yenyewe. Ukiendesha programu ya kupima kama Cinebench na prosesa ikagusa themanini, usihangaike. Joto lote linatoka kwenye kipande cha silikoni kisichofika sentimita moja ya mraba, na juu yake kuna tabaka la kumbukumbu. Hata maji ya baridi yanachelewa kulifikia. Kadi ikiwa chini ya 80 nayo iache.

Haya, mafundi wako. Kama baada ya yote haya bado unataka kuunga mwenyewe, basi ziwe rejeta mbili, na upime kwa rula ndani ya kesi kabla ya kutoa hela. Kulanti ya gari hapana. Imetengenezwa kwa injini, ina glikoli nyingi inayopunguza uwezo wa maji kubeba joto, na baadhi ina silikati zinazoweza kuganda ndani ya bloku, ambamo mifereji ni ya sehemu tatu za kumi ya milimita au chini yake. Fundi wa maji ya betri yuko karibu na ukweli. Maji ya betri yaliyochemshwa na mvuke wake kupozwa ukawa maji tena ni msingi mzuri, ila soma chupa vizuri, kwa sababu palepale sheli au duka la vipuri huuzwa pia asidi ya betri. Na yakiwa peke yake hayana dawa ya kuzuia kutu wala ya kuua mwani. Chumba cha nyuzi 32 chenye mwanga ni shamba la mwani. Baada ya miezi michache utaona ute wa kijani kwenye bloku. Nunua lita moja ya maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, yenye dawa ndani; mzunguko mdogo kama wako utachukua chini ya hapo. Maji ya bomba na ya kisima usiyafikirie, visima vingi vya Dar vina chumvi.

Usiamini pia ile hoja kwamba maji safi hayapitishi umeme kwa hiyo yakivuja hakuna shida. Yakishazunguka kwenye shaba siku kadhaa yameokota madini, yanapitisha. Na usichanganye metali: shaba, shaba nyeupe na nikeli zinakaa pamoja, alumini ikiingia kwenye mzunguko mmoja na shaba inaliwa. Rejeta za AIO nyingi ni alumini na bloku yake ni shaba, zinaishi kwa dawa iliyomo. Ndiyo maana ukiifungua na kuijaza maji matupu umeiua.

Rejeta mpya isuuze kwa maji moto yaliyosafishwa, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke bila chembe. Ndani huwa kuna masalia ya kulehemu. Tumia mipira laini ya EPDM, milimita 10 kwa ndani na 13 kwa nje. Ile ya plastiki angavu hutoa ukungu wa mafuta kwenye joto. Fitingi kaza kwa vidole tu, kinachozuia maji ni o-ringi. Spana inapasua akriliki. Usibishane na mtu nani atangulie kati ya kadi na prosesa: maji yakitembea lita moja kwa dakika, wati 300 zinayapandisha nyuzi 4 tu kwa mzunguko mzima. Panga kwa mipira mifupi, na tenki liwe juu ya pampu, maana pampu ikizunguka kavu inakufa.

Kabla maji hayajaingia, jaza hewa kwa pampu ya kupimia, nusu ya bar, uiache dakika 30. Mshale ukishuka, kuna tundu, na umelijua bila kulowanisha kitu. Kisha jaza maji na uendeshe pampu peke yake saa 24: chomoa nyaya zote kwenye ubao mama na kadi, unganisha pini 16 ya soketi ya pini 24, yenye waya wa kijani, na pini yoyote ya waya mweusi ili pawa saplai iwake yenyewe. Kama nyaya zote ni nyeusi, hesabu pini kwa mchoro, usibahatishe. Zungushia karatasi ya tishu kila maungio. Tone moja litaonekana.

Barafu kwenye tenki, au kupitisha mpira ndani ya friji, ni wazo linalorudi kila mwaka. Msimu wa joto hapa hewa ina unyevu kiasi kwamba kitu chochote chenye nyuzi 24 kushuka chini kinaanza kutoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo litadondoka nyuma ya bloku, juu ya ubao mama.

Umeme: kukatika kwenyewe hakudhuru mfumo wa maji, pampu na joto vinazima pamoja. Kinachoua ni kurudi kwake. Weka kifaa cha kinga kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, au UPS yenye wati za kutosha, na uangalie wati zilizoandikwa badala ya VA, kwani UPS ya 1000 VA mara nyingi ni wati 600 tu. Hakikisha soketi ya ukutani ina waya wa ethi uliofungwa kweli.

Vumbi litakusumbua kuliko maji. Vichujio vya chini na ubavuni vioshe kila wiki mbili, rejeta ipulize kila miezi mitatu, ukishikilia feni kwa kidole zisizunguke kwa upepo wa bloa. Na kila unapoandika joto la prosesa, andika na la chumba siku hiyo. Prosesa ikisoma 74 Februari na 68 Julai, toa joto la chumba kwenye zote mbili; tofauti ikibaki ileile, usifungue kesi.